Miaka Sita ya Kuvuja

Nilianza kuvuja mkojo nikiwa na miaka kumi na saba, nikakoma nikiwa na ishirini na tatu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kwa miaka hiyo yote sita hakuna aliyelitamka neno hilo mbele yangu. Walisema "ule ugonjwa wake." Walisema "ile shida." Mchungaji aliita jaribu. Mkojo ulinitoka usiku na mchana, nikitembea, nikikaa, nikiomba, na watu wazima wenye akili zao wakakosa jina la kuupa.

Niliolewa mwaka wa sabini, kilomita chache kutoka soko la Kanyangi, na kijana aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge ng'ambo ya mto Athi. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliofuata nikashika mimba, na uchungu ukanianza siku ya Jumanne asubuhi nikiwa nachambua kunde uani kwa mama mkwe. Mkunga alikuja, mwanamke mzee aliyezalisha nusu ya kijiji, akanishika tumbo mara mbili. Kufikia jioni alinawa mikono. Akamwambia baba mdogo wa mume wangu kwamba mtoto amekwama na mimi nipelekwe Kitui.

Upande wetu gari lilikuwa moja, pikapu ya mwenye duka sokoni, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Baba mdogo alikwenda kumwomba Jumatano asubuhi. Alirudi akasema mzee amekataa. Alikuwa na saruji ya kubeba siku hiyo, na tena alisema gari la mizigo si mahali pa mwanamke anayetoka damu, watu hawatataka kununua unga uliobebwa humo. Baba mdogo aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mwingine, akakaa kwenye kigoda. Hakurudi kuomba mara ya pili. Hilo nalo sijalisahau.

Alhamisi wanaume walinibeba juu ya kitanda cha kamba hadi sokoni, na dereva wa lori la makaa akakubali kunichukua. Nililala juu ya magunia. Hospitalini Kitui walimtoa mtoto akiwa amekufa. Alikuwa mvulana, na sikuonyeshwa. Siku ya tano nilihisi godoro limelowa chini yangu, nikadhani nimemwaga chai.

Mume wangu alivumilia miezi minne. Mwezi wa tano alitoka moja kwa moja kazini hadi kwa mama yangu, upande wa pili wa soko la Kanyangi, akazungumza naye nje, na mama akaja kunichukua. Alibeba sanduku langu kichwani akatangulia, nami nikafuata nyuma nikiwa nimejifunga leso tatu.

Mtu asiyeishi sehemu zetu hawezi kujua maana ya kuvuja mahali pasipo na maji. Mwanamke mwenye shida ile anahitaji kufua kila siku, asubuhi na jioni, na kujiosha, la sivyo ngozi ya mapaja inachubuka mpaka unatembea umepanua miguu kama mtoto. Kiangazi maji yetu yalikuwa chini ya mchanga wa mto mkavu. Unachimba mpaka kifuani, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kibuyu, kibuyu baada ya kibuyu, mpaka debe lijae. Wanawake walipanga foleni tangu alfajiri. Siku ya kwanza nilipofika waliniangalia tu. Siku ya tatu mmoja akamwambia mama yangu, akiniepuka macho, kwamba wamekubaliana nichote wa mwisho. Baada ya wiki wakasema nisichote hapo kabisa.

Mama hakubishana nao. Alichukua jembe na sufuria kuukuu, akatembea chini ya mto mpaka kwenye jiwe jeupe, akaanza kuchimba. Alichimba siku mbili. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini na goti moja lilikuwa bovu. Maji yalipotokea yalikuwa na chumvi kidogo, lakini yalikuwa yangu. Alipanda akanipa kibuyu, akasema, "Hapa hakuna atakayekuambia ungoje."

Kanisani waliniwekea kiti changu nyuma, nje kidogo ya mlango, mahali upepo unapopita. Walifanya hivyo kwa upole. Upole ndio ulioniudhi. Mwanamke mmoja alinishika mkono akanionyesha kiti, akitabasamu, kana kwamba ananipa zawadi. Nilikaa hapo miaka mitano nikiimba nyimbo zote kwa moyo, na mwenye pikapu akipita mbele yangu kila Jumapili na sahani ya sadaka. Kwangu hakusimama.

Wakati ule nilikuwa bado sijamkasirikia yeye. Nilijikasirikia mimi. Niliamini nina kosa fulani ambalo Mungu analijua na mimi silijui, na nilijichunguza kila siku kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani.

Mwaka wa sabini na sita mvua haikunyesha, na kisima changu kikakauka kabla ya vingine. Mama alikwenda kuwaomba wale wanawake, wakampa nusu debe. Nilipomwona anarudi na nusu debe, akichechemea, nikaamua kuondoka. Nilimwambia nakwenda kutafuta kazi upande wa reli. Nilivuka Athi, ambayo ilikuwa ya magoti tu, na baada ya siku nne, mara kwa miguu, mara juu ya lori, nikafika Makindu.

Pale Makindu kuna hekalu la Makalasinga ambapo msafiri yeyote hupewa chakula. Nilikuwa nimesikia habari zake lakini sikuamini. Nilingoja nje mpaka njaa ikaishinda aibu. Watu walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka mirefu, madereva wa malori, Wahindi wenye suti, akina mama wenye watoto. Nilisimama mlangoni nikitafuta kwa macho mahali pangu pa upepo. Mzee mwenye kilemba akaja na ndoo ya dengu, akanionyesha nafasi katikati ya watu wawili. Nikatikisa kichwa. Akanionyesha tena, akasimama na kijiko chake akingoja. Nikakaa. Alinipa dengu na chapati, akaendelea na wengine. Niliposimama mkeka ulikuwa umelowa, nikaanza kuufuta kwa leso yangu.

Mwanamke aliyekuwa akifagia humo alinikuta nikifuta. Alikuwa Mkamba mwenzangu, mtu mzima, mkavu wa mwili. Alinitoa nje hadi bombani, akafungua maji, akaniuliza kwa Kikamba, kama anayeuliza njia, "Ulizaa lini?"

Nikamwambia.

"Na mtoto alikwama siku ngapi?"

Nikamwambia siku tatu.

"Basi umechanika ndani," akasema. "Mtoto wa dada yangu alichanika hivyo hivyo. Alishonwa Nairobi. Sasa ana watoto wawili."

Nilimwuliza ameshonwa nini. Akarudia. Nilikaa chini kwenye saruji yenye maji nikalia, na yeye akaendelea kuosha mkeka, akinisimulia hospitali iko wapi na niulize wadi gani. Kwa miaka mitano nilikuwa nimeombewa, nimewekewa mikono, nimepewa mizizi ya kuchemsha, nimehamishwa kisima na kiti. Na jibu lilikuwa kitu cha kushonwa, kama gunia.

Nilifagia naye kwa miezi kadhaa. Kisha wakubwa wa pale wakanikatia tikiti ya gari moshi bila kuniuliza maswali mengi. Nilisimama mlangoni mwa behewa mpaka Nairobi.

Daktari aliyenishona alikuwa na haraka na maneno machache. Walinitia mpira wa mkojo wiki mbili, wakaniambia ninywe maji mengi kuliko nilivyowahi kunywa maishani. Walipoutoa, nesi akasema nitembee. Nilitembea wadi nzima, kitanda hadi kitanda, nikarudi, nikajishika nguo. Ilikuwa kavu. Wanawake wengine kwenye vitanda walikuwa wakiniangalia, nao hawakupiga makofi wala kusema kitu, kwa sababu kila mmoja alikuwa akijiuliza kama yeye atabahatika.

Siku ya kuruhusiwa nilimwuliza daktari kwa nini ilinipata mimi. Sikutaka maelezo ya mwili. Nilitaka kujua kosa langu. Yeye akanieleza mwili. Nyonga zangu zilikuwa nyembamba, kichwa cha mtoto kikabana, nyama ikakosa damu ikafa. Kisha akasema, huku akiandika, "Ungefika siku ya kwanza au ya pili tungekupasua. Ungekuwa na mtoto wako na usingechanika."

Hakujua alichosema. Aliendelea kuandika. Lakini mimi nilisimama pale nikaona ile pikapu sokoni siku ya Jumatano asubuhi, na mifuko ya saruji, na yule mtu akifuta kioo chake. Hapakuwa na jaribu. Hapakuwa na laana. Palikuwa na gari, na mtu aliyekuwa na ufunguo wake. Hasira niliyokuwa nimejielekezea miaka sita ilinigeuka ndani kama mnyama, ikamtafuta mwenyewe.

Nilirudi nyumbani mwaka wa sabini na saba. Mama aligusa kitanda changu kila asubuhi kwa wiki tatu. Alifikiri bado nimelala. Siku moja nilimfokea nikamwambia aache. Akauondoa mkono taratibu, akasema alikuwa anataka tu kuhakikisha. Kati ya maneno yote makali niliyosema maishani, hayo peke yake ndiyo ninayoyajutia.

Kanisani walitaka nitoe ushuhuda. Mchungaji aliniambia niseme jinsi Bwana alivyonipitisha bondeni ili jina lake litukuzwe. Mwenye pikapu alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya magoti. Nilisimama. Niliwashukuru watu wa Makindu na daktari. Niliwaambia mkojo wangu ulitoka wapi na kwa nini, nikatumia neno lenyewe, na akina mama wakainamisha vichwa. Kisha nikamgeukia.

"Mzee," nikasema, "Jumatano ile ulikuwa unabeba saruji. Nyumba uliyoijenga kwa saruji hiyo naiona kila siku nikienda sokoni. Mtoto wangu angekuwa na miaka sita."

Mchungaji alianzisha wimbo. Watu wachache wakaitikia. Wiki iliyofuata nilitengwa kwa kumvunjia heshima mzee, nikaambiwa nisishiriki meza ya Bwana mpaka nitubu. Sijatubu hata leo.

Siku tatu baada ya kutengwa, mwanamke nisiyemjua alinifuata kisimani. Alikuwa ametembea kutoka mbali. Alizungukazunguka maneno, akauliza habari za mvua, za mama yangu, ndipo akasema kuna msichana upande wa Matinyani, mke wa ndugu yake, ambaye yuko kama nilivyokuwa. Anafichwa. Alikuwa amesikia kuna mtu aliyesema neno lile kanisani.

Nilikwenda naye. Msichana alikuwa kwenye banda la mbuzi, nyuma ya ghala la mahindi, na alikuwa humo kwa mwaka wa pili. Walikuwa wakimpelekea chakula kwenye sahani yake peke yake. Mama mkwe wake alitukaribisha vizuri, akatupa viti na uji, na nilipomwambia nimekuja kumchukua akasema haiwezekani.

"Mwaitu," nikamwambia, kwa heshima kama ninayemwita mama yangu, "huyu anaweza kupona."

"Watu watasema tulimtesa."

"Nao watakuwa wamesema kweli."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alianza kuniambia kwamba yeye mwenyewe alizaa watoto tisa na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka, na kwamba banda lilikuwa wazo la mwanawe. Sikumhurumia. Nilisimama nikaenda kufungua mlango. Msichana alijikinga macho na mwanga. Miguu yake ilikuwa na vidonda kuanzia mapajani hadi magotini. Nilimwosha kwa maji yao ya kunywa, debe zima, mbele yao, na hakuna aliyenizuia.

Nilimpeleka Nairobi, akashonwa, akapona. Baada yake wakaja wengine, na nilipoona hawaji nikawafuata. Nilijua pa kuwatafuta. Niliangalia nani hachoti maji na wenzake, kiti kipi kimetengwa, nyumba gani watu hawataki niingie jikoni. Nilijiunga na mwethya, kile kikundi cha wanawake cha kulimiana mashamba na kuchimba matuta, na kwanza walinikubali kwa sababu nina nguvu za kuchimba. Baadaye wao ndio walioniletea habari. Wawili kati yao walikuwa katika ile foleni ya kisima. Hawakuomba msamaha, nami sikuwataka waombe. Nilitaka wachimbe na wasikilize.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya mwaka wa themanini na tatu. Tulikuwa kwenye matuta, wanawake kama ishirini, mtu akaja kutuambia kuna mke wa kijana fulani ambaye ana uchungu tangu jana na mkunga amekata tamaa. Mwenye pikapu ameombwa, amesema anakwenda kuchukua bidhaa. Nilitupa koleo, nikaanza kutembea. Sikuwaita wengine. Nilipogeuka walikuwa nyuma yangu na majembe mabegani.

Tulimkuta ameshawasha gari mbele ya duka. Nilikwenda nikaketi chini mbele ya gurudumu. Mwingine akaketi kando yangu, kisha mwingine, mpaka njia ikajaa. Akapiga honi. Akatoka, akasema kwa utulivu kwamba atamwita chifu, kwamba sisi ni wanawake wenye heshima na hili halitufai. Ndipo mke wake akatoka dukani, mwanamke mnene mwenye pumu ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Alituangalia. Akavua viatu vyake, akaviweka pembeni kwa mpangilio, akaketi kwenye vumbi pamoja nasi.

Mumewe alimwita mara moja. Hakuinua kichwa.

Mzee alisimama na ufunguo mkononi, kisha akamkabidhi mfanyakazi wake, akaingia ndani. Yule msichana alifika Kitui alasiri hiyo hiyo. Alipasuliwa, akapata mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Chifu aliniita barazani, akataka niombe radhi kwa kuzuia biashara ya mtu. Nikakataa. Akaangalia nje ya dirisha, akawaona wanawake waliokuwa wakiningoja, akaniambia niende nyumbani.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Miaka ya tisini walikuja watu wa semina, wakaniweka mbele ya ukumbi mjini Kitui, wakaniomba nieleze jinsi mateso yalivyonipa nguvu. Niliwaambia nguvu nilikuwa nazo kabla. Nilikuwa msichana anayeweza kubeba debe la maji mlimani akiimba. Mateso yaliniibia mtoto, mume na miaka sita. Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa hasira, na hasira ni yangu, haikuwa zawadi ya mtu. Wakapiga makofi kana kwamba nimesema walichotaka kusikia.

Na si wote waliopona. Kulikuwa na mmoja kutoka upande wa Kibwezi aliyeshonwa mara tatu na mara zote nyuzi zikaachia. Ndugu zake walikuwa wamemkana, kwa hiyo akaishi kwangu. Alikaa miaka tisa. Kila mgonjwa mpya aliyefika, yeye ndiye aliyempokea, akamfulia, akamfundisha kukunja nguo za kujikinga. Alicheka kirahisi kuliko mimi. Mwaka wa tisini na tano malaria ilimuua kwa siku nne.

Ndugu zake walikuja na jeneza. Hawakuwa wamekuja hata mara moja alipokuwa hai. Nilikataa kuwapa mwili, wakaenda kwa wakubwa, wakarudi na karatasi, wakamchukua. Nilipanda basi nikawafuata hadi kwao. Mazishini walisema alikuwa akifanya kazi nzuri Mombasa. Nilinyamaza mpaka udongo ukarudishwa, kwa ajili yake. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, mahali wanawake walikuwa wakimenya viazi, nikavuta kigoda, nikawaambia shangazi yao aliishi wapi, aliumwa nini, na alifanya kazi gani hasa kwa miaka tisa.

Visu vilisimama. Mmoja wao, msichana wa miaka kama kumi na minane, alikuwa na mimba ya miezi saba au minane. Aliniuliza hospitali inayopasua iko wapi kutoka hapo. Nikamwambia. Akaniuliza mtu anatakiwa kungoja uchungu muda gani kabla ya kuondoka nyumbani. Nikamwambia asingoje jua lizame mara ya pili, na kwamba atafute gari sasa, akiwa bado anatembea, ajue liko kwa nani na atalipata vipi. Mama yake alimwambia aache maneno ya mkosi.

"Rudia," msichana akaniambia.

Nikarudia polepole, njia yote, mpaka akaweza kuitaja mwenyewe. Kisha nikaondoka bila kula chakula chao.